Nyange wa Bwawani na Kuku wa Uzazi

Wiki ile nilikuwa silali kwa sababu ya nyange. Milio ya risasi ilisikika mbali, nyuma ya vilima, na watu wa Lushebere walikuwa wameshazoea kuipima kwa masikio kama wanavyoipima mvua: inakuja, inapita, haituhusu leo. Mimi nililala macho nikiwaza ndege mweupe mwenye miguu myembamba. Asubuhi anakanyaga tope la bwawa la samaki, pamoja na bata wa mwituni. Mchana anafuata ng'ombe, kisha anaingia uani kudonoa wadudu katikati ya kuku. Je, anaweza kuwaletea kuku wale mafua ya ndege? Na kama anaweza, ni mara moja katika siku mia au katika miaka mia? Na kama sijui, niandike nini?

Nilikuwa nimetoka chuoni mwaka uleule na diploma ya udaktari wa mifugo, nikapewa meza katika ofisi ya mifugo ya Lushebere, kule Masisi. Meza ilikuwa na miguu mitatu na tofali. Redio ilikuwa imesema kwamba mafua ya ndege yameua bata na kuku upande wa kaskazini, mbali na sisi. Halafu, mvua za kwanza zilipoanza, mambo mawili yakatokea Lushebere kwa mpigo: nyange mmoja akakutwa amekufa kando ya bwawa, na kuku wanne wa jirani yetu wakafa ndani ya siku mbili.

Mkuu wangu, mzee mpole asiyependa karatasi ndefu, akaniita.

"Madmazeli dokta, ni wewe ulisoma mambo ya ndege. Uniandikie ukurasa moja. Hatari iko kubwa ao iko kidogo. Ijumaa naituma kwa bakubwa ba Goma."

"Na nikisema kubwa, Papa?"

"Batakuya kuua kuku yote yenye iko karibu na bwawa."

"Na nikisema ndogo, halafu nikawa nimekosea?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Njo maana balikusomesha wewe, habakunisomesha miye."

Nyange alikuwa ameshaoza, lakini sampuli za kuku waliokufa nilizituma maabara ya Goma ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Chupa na barafu nilipewa na mfanyabiashara mmoja aliyetoka Butembo, mwenye duka pale kwetu na pikipiki mbili, ambaye friji yake ilikuwa ya soda. Alinipa bila kinyongo, ila alitaka kujua kama hiyo chupa nitairudisha kwake kunywea. Sampuli zilifika. Kisha barabara ikafungwa kwa mapigano, na majibu yakabaki huko. Ijumaa haikungoja.

Kilichonisumbua zaidi ya yote kilikuwa kinatagia chini ya kitanda changu. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja, mkulima wa maharagwe na mihogo, mzaliwa wa vilima vile. Alikuwa ameikimbia Kalembe mara mbili, na mara ya pili akaamua kubaki hapo Lushebere, pembeni ya kambi ya wakimbizi. Binti yake alibaki Kalembe kwa mumewe, na siku zake za kujifungua zilikuwa zimekaribia. Mama alikuwa na kuku tisa. Mmoja, mwekundu, alinenepeshwa kwa ajili ya binti huyo, apelekewe akishajifungua. Nyumba ile na bwawa vilitenganishwa na shamba moja la mihogo. Kwa hiyo neno "kubwa" kwenye karatasi yangu lingeua kuku wote tisa, na neno "ndogo" lingeweza kuua kuku wa Masisi nzima, pengine na watu. Nilijaribu kutafuta neno la katikati. Kifaransa kinayo mengi, lakini mkuu wangu alitaka moja kati ya mawili.

Basi nikafanya nilivyofundishwa. Nikaandika maswali matatu kwenye daftari: ndege wa mwituni anafika? Anakutana na kuku? Kuku huyo anakutana na nani? Nikachukua darubini, nikajificha ndani ya mihogo kando ya bwawa, nikaanza kuhesabu.

Kosa la namna hiyo hulifanya mtu aliyelelewa mjini na kusoma sana. Katika Masisi ya miaka ile, mtu aliyejificha ndani ya mihogo na darubini hahesabu ndege. Asubuhi ya kwanza wanajeshi wawili walinisimamia kichwani.

"Unaangalia nani?"

"Nahesabu nyange."

"Nyange ya nani?"

"Ya... hakuna mwenyewe. Ya mwituni."

Walitazamana. Mkubwa wao akachukua daftari, akasoma kwa sauti: saa kumi na mbili na nusu, nyange saba, bata wawili, mmoja amejikuna. Akanirudishia. Nilidhani wataniondoa, lakini alichuchumaa kando yangu, akaomba darubini, akatazama bwawa kwa muda mrefu.

"Umedanganya hapa," alisema. "Bata iko tatu. Moja iko inalala."

Nikasahihisha. Walipoondoka, yule mdogo aligeuka akaniambia, "Dada, kesho uvae kintu ya rangi. Hiyo ya majani, bantu batakuchanganya na sisi." Kesho yake nilivaa kitenge cha manjano, na nyange hawakujali hata kidogo.

Siku tatu nilihesabu. Nyange walikuja, ndiyo. Bata walikuja wachache, wakakaa katikati ya maji, hawakumkaribia kuku yeyote. Nyange waliingia uani mara mbili tu, na kuku walipowaona walikimbia. Sikuridhika. Labda siku ya nne wangeingia mara kumi. Labda waliniogopa mimi na manjano yangu. Jioni nilimweleza mama mambo yote haya huku akitwanga sombe, majani ya mihogo.

"Mutoto yangu," alisema bila kuacha kutwanga, "juzi nilikuona ndani ya mihogo. Mama moja alipita na kitunga mugongoni, kuku ine ndani. Unakumbuka?"

"Sikumbuki."

"Ulivuta muguu apite. Ulimuambia pole, Mama. Halafu ukarudia kuangalia juu." Akainua mchi, akaninyooshea. "Ile kuku ilitoka Buleusa. Ililala Kalembe. Sasa iko kwa jirani, pale kwenye kuku ilikufa. Wewe unalinda mbingu, kuku inapita chini ya muguu yako."

Nilifungua daftari; kuku hao hawakuwamo. Naye akacheka kidogo, na chakula kilipoiva akaniongezea chumvi, kana kwamba hiyo ndiyo iliyonipungukia.

Jambo lenyewe lilikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa dokta. Katika vilima vile hakuna mtu anayeweka kuku wake wote mahali pamoja. Vita ikiingia kwako usiku mmoja, kuku wako wameliwa. Kwa hiyo unampa dada yako wa Kalembe mtetea mmoja amtunze, mwingine unampa shemeji wa Buleusa, nao wanakupa wa kwao. Vifaranga mnagawana. Mtu akikimbia, anajua kwamba mahali fulani kuna kuku wake anayetaga. Kati ya wale tisa wa mama, watatu walikuwa wa dada yake, na yeye mwenyewe alikuwa na kuku katika vijiji ambavyo mimi nilivijua kwenye ramani tu.

Kesho yake, siku ya soko, nilikaa kando ya njia badala ya bwawani. Kuku kumi na saba walipita kabla ya saa sita, vichwa nje ya vitunga, wakinitazama. Ndege wa mwituni waliotua karibu na kuku kwa siku tatu walikuwa wawili. Hata mimi, ninayeweza kutilia shaka jumla ya mbili na mbili, nililielewa hilo.

Alhamisi niliandika ukurasa wangu. Kwamba ndege wa mwituni wanaweza kuleta ugonjwa huu bwawani, lakini niliyoyaona yanaonyesha hawakutani na kuku mara nyingi. Kwamba siku tatu ni chache na ninaweza kukosea. Kwamba ugonjwa wowote ukifika hapa, utakaousambaza ni kuku mwenyewe, ndani ya kitunga. Kwa hiyo kuku wasiuawe. Wafungiwe ndani ya uzio mbali na bwawa, na wasitoke kijiji kimoja kwenda kingine hadi majibu yaje. Anayekufa azikwe, asiliwe.

Nikausoma mara sita. Mara ya saba nikagundua nilichokuwa nimeandika: kuku mwekundu haendi Kalembe.

Na habari ilikuwa imefika asubuhi hiyohiyo. Binti amejifungua mtoto wa kiume.

Mama alikuwa tayari ameshamfunga kuku miguu. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, kwa maneno mengi mno, nikianzia kwenye virusi. Aliningoja nimalize.

"Kwa hiyo umeokoa kuku yangu isiuawe," alisema, "na sasa unanikataza kumpa mutoto wangu."

"Ndiyo, Mama."

"Hii kuku iko muzima."

"Anaweza kuonekana mzima. Jirani naye alifikiria hivyo."

Akakaa. "Mama-mukwe yake atasema nini? Muzazi anangojea kuku, inakuya maneno. Hata kama natuma nyama, watasema tumekula nusu, tumetuma muguu. Kuku ya uzazi inafika nzima, watu banaiona."

Kwa mara ya kwanza wiki ile sikuhitaji kufikiri mara sita. "Tuichinje hapa," nikasema. "Tuipike hadi iive kabisa, moto unaua kila kitu. Tuiweke nzima ndani ya sufuria: kichwa, miguu, firigisi. Mama-mkwe ahesabu."

Akainuka kuchukua kisu. "Na nani atabeba sufuria hadi Kalembe?"

Ijumaa asubuhi nilimpelekea mkuu wangu karatasi. Alitafuta neno "kubwa" au "kidogo," hakulipata, akasoma yote kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Hii haiko jibu moja," alisema.

"Hapana, Papa."

"Na hii ya kufunga kuku, ni nani ataambia bamama?"

"Nimeanza na yule ninayelala kwake."

Akapiga muhuri. Majibu ya Goma yalikuja wiki nyingi baadaye, yakasema si mafua ya ndege, ni mdondo, ugonjwa wa kuku wetu wa kila mwisho wa kiangazi. Lakini siku ile sikuwa nayo, na yeye hakuwa nayo, na muhuri ulikuwa umekauka.

Mfanyabiashara wa Butembo alinipa pikipiki na dereva, kwa sharti kwamba mchuzi usimwagike kwenye kiti. Njia ya Kalembe ilikuwa imefunguka tangu Jumatatu. Nilipanda nikiwa nimekumbatia sufuria iliyofungwa kwa kitenge, na kwenye kila kizuizi nikafungua kifuniko, nikaeleza, nikafunga. Kwenye kizuizi cha pili mwanajeshi mmoja alivuta harufu akauliza kama na hii ni kazi ya serikali. Nikasema ndiyo, na haukuwa uongo mkubwa.

Alasiri tulifika. Mama-mkwe, mwanamke mrefu aliyekuwa na shughuli nyingi, aliiweka sufuria juu ya mkeka mbele ya majirani wawili. Akafungua. Akahesabu kwa kijiko, bila haraka: kichwa, shingo, mabawa mawili, mapaja mawili, miguu miwili, firigisi. Akatafuta ini, akalipata chini ya bawa.

"Iko nzima," aliwaambia wale majirani.

Kisha akamimina mchuzi kwenye kikombe, akampelekea mzazi ndani. Nami nikabaki uani, nikawaomba wale mama wawili wakae kidogo, nikaanza kuwaeleza kwa nini mwezi huu kuku wao wasiende popote.