Mjane Ambaye Hajanyanyuliwa

Mama Pélagie alinyimwa mwanawe na serikali yake mwenyewe. Tangu Januari 2023, alipomzika mumewe, analala juu ya mkeka sebuleni kwake Kasenga, mtaa wa mji wa Uvira mashariki mwa Kongo, godoro likiwa limesimamishwa ukutani. Mtu mmoja tu ndiye mwenye haki ya kumnyanyua, na mtu huyo alikatazwa kuikanyaga ardhi alikozaliwa.

Katika ukoo wa marehemu, kilio hakiondolewi mpaka mtoto wa kwanza amshike mjane mkono, amsimamishe, amfunge kitenge kipya. Kabla ya hapo mjane halali kitandani, haendi arusini, hatoki katika mji alimozikwa mumewe; akivunja mwiko huo, kifo humfuata mtoto. Mtoto wa kwanza ni Mathieu. Aliondoka akiwa kijana, akawa raia wa nchi ya ng'ambo, kisha mbunge huko. Na kwa kuwa sheria yetu haikubali uraia wa pili, kwetu akawa mgeni wa kuomba viza. Akaomba, akanyimwa. Kosa lake: alisema katika bunge la huko ng'ambo kwamba misaada ya Kongo ikatwe, kwa kuwa wakubwa wanaila.

Mama Pélagie hakuyapenda maneno hayo. Dispensari alikotibiwa mumewe iliishi kwa misaada hiyohiyo. Hata hivyo alivaa gauni lake jeusi, akachukua kadi ya ubatizo ya Mathieu, akaenda kwa afisa wa viza.

"Chef, tazama. Huyu ni mutoto wa hapa. Padri alitia sahihi."

"Mama, ubatizo haiko viza," afisa alisema akicheka. "Mutoto wako iko na mudomo murefu. Aufunge kwanza."

"Minye nilimuzaa, sikumutuma kusema. Munamukataza yeye, mbona minye ndiye niko chini?"

Afisa akamrudishia kadi bila kuifungua.

Julai mwaka huohuo, Mathieu alishuka Bujumbura, nchini Burundi, akasogea hadi Gatumba, hatua chache kutoka mpakani. Sharifa, jirani muuza vitenge anayevuka kila siku, akaja mbio.

"Mama Mathieu, simama! Mutoto iko pale Gatumba, amenenepa kama mubunge kweli! Twende na pikipiki, dakika kumi tu."

"Nivuke na kilio cha baba yake mwilini? Nimupelekee mutoto kifo?"

"Weye nawe! Mungu haangalie barrière."

"Mungu, hapana. Baba yake ndiye anaangalia."

Sharifa akakaa naye mkekani.

Siku tatu mama na mwana walitenganishwa na kizuizi kimoja cha mpakani: yeye akizuiwa na kilio, mwanawe na karatasi. Siku ya nne Sharifa alileta kitenge cha buluu na ujumbe kutoka kwa Mathieu: "Mama, ujifunge mwenyewe. Nimeshindwa." Mama Pélagie alikinusa, akakikunja upya, akakiweka juu ya ukingo wa godoro. Kingali huko. Magoti yake yamevimba kwa baridi ya sakafu, na asubuhi ni Sharifa anayemsaidia kusimama, ingawa mkono wa Sharifa hauhesabiwi.

Tarehe 12 Agosti 2024, chama cha Mathieu kikiwa kimeingia serikalini huko ng'ambo, alipewa viza ya siku mbili, akapokelewa kwa maua Kinshasa, akatia sahihi mkataba wa misaada. Uvira haikuwamo katika ratiba.