Sifongo wa Tumbo Moja

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu: harufu ya bahari iliyochacha, hapa hapa Bugolobi, Kampala, ambako bahari hatuna. Nilikuwa binti wa kutoka Kilifi, nimeajiriwa kwenye maabara ndogo upande wa viwandani, tukitafuta dawa ndani ya sifongo. Usicheke! Sifongo wa baharini ni mnyama. Hana meno wala miguu ya kukimbilia, basi hujilinda kwa sumu anayoitengeneza mwenyewe mwilini, na sumu hiyo huweza kuua vijidudu vinavyotusumbua sisi.

Mzamiaji wetu alikuwa Kazungu, kijana wa kwetu pwani. Alikata vipande vya sifongo, akavitia kwenye kasha la barafu, vikapanda basi mpaka Kampala. Mzigo wa kwanza, tone moja tu la maji yake liliua vijidudu kwenye sahani ya maabara, pakabaki duara safi kama sinia iliyolambwa. Tulicheza, jamani! Mzigo wa pili, sifongo wa aina ile ile, vijidudu vikazidi kunawiri. Nikapima tena. Wapi!

Kipimo changu kilikuwa sahihi, na hata leo nakitetea. Lakini ulimi hauna mfupa. Nilitangaza mbele ya wote kwamba Kazungu ametulaghai, katuletea sifongo wa ovyo, atafutwe mzamiaji mwingine. Kijana yule alikuwa akiwasomesha wadogo zake kwa kazi hiyo, nami nilijua.

Mkuu wetu tulimwita Nnalongo, jina la heshima la mama aliyezaa pacha. Hakuinua sauti. Aliweka vipande vya mizigo yote miwili chini ya hadubini, akanivuta nitazame: vimiiba vile vile vya mwilini, umbo lile lile.

"Banange! Pacha wangu hawa, Wasswa akila karanga koo linavimba, Kato anamaliza sahani nzima. Sasa nimkane mmoja, niseme si wangu? Piga simu, nnyabo. Muulize alimkata wapi."

Nikapiga. Kumbe wa kwanza alimtoa kwenye ufa wa giza mwambani, walikobanana viumbe wa kila aina wakigombea nafasi. Wa pili alikuwa mchangani peupe, peke yake. Asiye na wa kupigana naye, sumu ya nini? Kazungu akakata tena kule ufani, akaleta, na duara likarudi.

Lakini maneno yangu yalikuwa yamemfikia kabla ya simu yangu. "Dada," aliniambia, "nasikia umeniita mwongo. Si ungeniuliza tu?"

Niliona aibu, mwanangu, nikamwomba radhi. Akaendelea na kazi yake, akawasomesha wadogo zake. Ila utani wetu wa nyumbani, ule wa kuchekana kwenye simu kila mzigo ukifika, haukurudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi nakwambia waziwazi. Vidole vya mkono mmoja havilingani, na mkono ni ule ule. Ukiwa na wanao, mmoja mkali na mwingine mpole, au ukiwa na wafanyakazi, mmoja mwepesi na mwenzake mzito, pima, na uamini kipimo chako. Hukumu ndiyo uicheleweshe. Uliza kwanza amekulia wapi, na huko alikuwa akipigana na nani.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe jicho la kupima na subira ya kuuliza, na siku utakayopimwa wewe, akupe mtu wa kukuuliza kwanza.