Hatua Elfu Thelathini za Maksai wa Shemeji

Sina sura ya kusimulia hili, lakini kwa kuwa nusu ya Bariadi wameshalisikia, tena likiwa limetiwa chumvi, bora mlisikie kwangu.

Daktari aliniambia nitembee kwa sababu ya presha. Hilo halikuninyanyua kitini. Kilichoninyanyua ni Nkwimba wa masjala, aliyetuwekea ofisi nzima programu ya kuhesabu hatua na kuchora njia kwenye simu, na kila jioni majina yanapangwa kwenye grupu: wa kwanza anapigiwa makofi, wa mwisho anatumiwa picha ya kobe. Wiki tatu mfululizo kobe alikuwa wangu (na mimi ni mkuu wa kitengo, fikirieni).

Jumamosi moja nikaenda Ipililo kwa shemeji yangu Masanja, nikamkuta analima kwa plau na maksai, nikamtazama mmoja wao anavyokwenda na kurudi bila kulalamika, nikasema moyoni, hizi hatua zinapotea bure. Nikaifunga simu kwenye kitambaa, nikamvisha shingoni, nikaenda zangu kula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa dada.

"Shemeji, kwani mwenye presha ni wewe au ng'ombe?" Masanja akauliza. Nikamwambia alime.

Jioni: hatua elfu thelathini na moja. Makofi yakajaa kwenye grupu, nami nikajibu, "Ni nidhamu tu, ndugu zangu."

Bosi akaamini. Siku ya mazoezi ya watumishi akanitangaza kwenye kipaza sauti niongoze mbio hadi Somanda. Kona ya kwanza niliipita nikitabasamu, ya pili bila tabasamu, ya tatu sikuiona. Nilijikuta nimekaa chini kando ya barabara, bodaboda wamesimama kunitazama, na muuguzi aliyekuja nasi, dada Mbuke, ananipima presha.

Nkwimba akafungua ramani ya Jumamosi ile kwenye simu yake. "Bosi, mbona alikuwa anakwenda na kurudi kwenye shamba moja, mistari imenyooka hivi?"

Dereva wetu akachungulia, akasema taratibu, "Huyu alifungwa plau."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ningewaacha waamini kwamba nililima, lakini Mbuke hakucheka. "Kama unatembea hivyo na presha bado iko juu namna hii, dawa zako hazifanyi kazi. Naandika wakuongezee."

Hapo nikaogopa kweli. Nikasema mbele ya wote, "Ni maksai wa shemeji."

Nimejitoa kwenye lile grupu. Asubuhi natembea kwenda kazini, polepole, nikihema, na daktari anasema presha imeshuka. Imeshuka hadi ngapi nimeapa sitamwambia mtu, maana nikipigiwa makofi tu, najijua.