Zilpah na Viungo vya Kim

Zilpah Nekesa alikuja Garissa akimfuata mumewe, mwalimu wa hesabu. Mwaka wa 2015, magaidi waliposhambulia chuo kikuu cha Garissa na walimu wengi wa bara wakaomba uhamisho, mume naye aliomba, akarudi Bungoma. Zilpah alimsindikiza hadi kituo cha basi, kisha akarudi kwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma na kuwasha grenda.

"Huko kwetu kila boma lina fundi," alimwambia mumewe kwenye simu, "na kila fundi ni mwongo."

Mafundi wa Garissa nao hakuwaona bora. Alidharau milango yao iliyokwaruza sakafu, alidharau vibao vyao vilivyoandikwa "wataalamu". Zaidi ya yote alidharau pengo: chuma kisichogusana na chuma kingine, kikajazwa moto na mabaki ya waya, kisha kikapakwa rangi nyeusi ili mwenye mali asione. Kwa Zilpah, huo ulikuwa wizi.

Mwaka jana Bishar, mfanyabiashara wa ngamia, alikuja na Land Cruiser yake kuukuu. Alikuwa amejiandikisha kwenye mashindano ya magari ya jangwani, na waandalizi walitaka gari liwe na kizimba cha mabomba ndani, likipinduka paa lisiwaponde watu. Mabomba ya chuma kizito alikuwa amekwisha kuyanunua.

"Abaayo Zilpah," alisema, kwa kuwa alizoea kumwita dada kwa Kisomali, "nataka hii kazi haraka."

"Wiki tatu."

"Wiki tatu? Ngamia itazaa kabla wewe umalize."

"Ngamia hubeba mimba miezi kumi na mitatu," Zilpah alimjibu. "Na wewe ndiye muuza ngamia."

Akamweleza hata hivyo. Bomba ni la mviringo; ukitaka liungane na jingine, lazima ulichonge mwisho wake uwe kama mdomo wa samaki, ulikumbatie lile lingine pande zote. Yeye alifanya hivyo kwa karatasi iliyochorwa na kuzungushwa kwenye bomba, kwa grenda, kisha kwa tupa. Mdomo mmoja ulimchukua karibu saa mbili, na viungo vilikuwa zaidi ya thelathini.

Bishar akaenda kwa Kim.

Kim alikuwa amefika kutoka Nairobi miezi michache nyuma, mwanamume wa miaka thelathini na kitu mwenye ovaroli isiyojua mafuta. Alikuwa na mashine nyekundu ya kuchonga mabomba: kikombe cha chuma chenye meno kilichozungushwa na drili. Aliiweka mlangoni ionekane na wapita njia. Kizimba kilikwisha kwa siku nne.

Bishar alikileta kwa Zilpah kikiwa ndani ya gari, kwa majivuno tu. Zilpah alikizunguka, kisha akachukua bisibisi na kukwangua rangi kwenye kiungo kimoja. Chini yake kulikuwa na donge la chuma, mashimo mashimo kama sambusa iliyopasuka kwenye mafuta.

"Hiki ni kitanda," alisema. "Funga kamba, ulaze mbuzi."

"Una wivu tu," Bishar alisema, akaondoka na gari lake.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, alienda kufanya mazoezi barabara ya Modogashe pamoja na binamu yake Yakub, aliyekuwa amsomee ramani. Walipofika kwenye laga, Yakub alishuka kukagua mchanga wa ule mto mkavu kama ungebeba gari. Bishar akashuka ukingo polepole, mwendo wa punda, na gari likalala ubavu. Yeye hakuumia. Lakini bomba moja lilichomoka kwenye kiungo chake, likatoboa kiti cha Yakub pale kifua kingekuwa.

Kesho yake asubuhi alirudi kwa Zilpah na lile bomba mkononi. Zilpah aliutazama mdomo wa lile bomba, akautazama uso wa Bishar.

"Twende kwa huyo mtaalamu wako," alisema.

Kim aliwapokea akijitetea. "Mashine ni mpya, mathe. Hata risiti iko."

"Mimi si mama yako. Washa nione."

Kim akaiwasha. Drili ilizunguka kwa kasi yake yote, bila tone la mafuta. Meno ya kikombe yalikuwa yameungua yakawa ya buluu. Skrubu za kitako zilikuwa zimelegea na mhimili ukacheza. Kisha Zilpah akapima upana wa kikombe. Kilikuwa kipana kuliko bomba lenyewe, hivyo kila mdomo ulipanuka na kuacha pengo kando.

"Kwa nini ulitumia hiki?"

"Kilikuwa kimefungwa tayari. Vingine viko kwenye sanduku."

Zilpah alifungua sanduku. Kikombe cha kipimo sahihi kilikuwa humo, bado kwenye karatasi yake.

"Mtu angekufa," alisema, "kwa sababu uliona uvivu kufungua sanduku."

Alikuwa amekuja tayari kuidharau mashine pamoja na mwenyewe. Alibadilisha kikombe, akakaza skrubu, akapunguza kasi, akadondosha mafuta, akabonyeza taratibu. Dakika chache baadaye mdomo ulitoka. Akauweka juu ya bomba jingine na kuinua vyote viwili kuelekea jua. Mwanga haukupita. Akageuza na kutazama tena, kwa uchungu wa mtu aliyepiga tupa miaka kumi na miwili. Akaibeba mashine hadi karakana yake, na Kim hakuthubutu kumzuia.

Matao mawili makuu ya kizimba yalikuwa mazima, akayaacha. Mabomba yote ya kuyashikilia aliyatupa na kuchonga mapya. Kim alilazimishwa kukata viungo vyake mwenyewe, kimoja kimoja, huku Bishar akikaa kwenye ndoo akimtazama. Kazi ilichukua siku tisa.

Kananu, mkaguzi wa mashindano, alipitia kila kiungo kwa tochi na kioo kidogo, akatia sahihi. Bishar na Yakub walimaliza karibu mkiani, baada ya kukwama mchangani mara tatu, wakarudi wazima.

Kim alirudi kuomba mashine yake. Zilpah alisema ataitoa siku Kim atakapomwonyesha kiungo kisichopitisha mwanga. Anakuja karibu kila wiki na bomba alilolichonga kwa tupa mkononi. Zilpah huliinua juani, hulirudisha, na huendelea na kazi yake bila hata kumwambia kosa liko wapi.