Alama ya Mwisho ya Tupokigwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla mlango haujafunguliwa, nikakaa nje nikijiuliza nitajibu nini mwanafunzi akiniuliza nisilolijua. Zilikuwa enzi za Mjerumani, nami nilikuwa nimetoka tu chuo cha ualimu. Shule ilikuwa ndogo, ya udongo na nyasi, kati ya Ndandalo na Ipyana. Mkuu wa shule alinikabidhi chaki akasema, "Unafikiri sana, Mwalimu. Hofu yako itaonekana usoni. Anza na mabano."

Mabano ni alama mbili zinazofunga sehemu ya hesabu ili ishughulikiwe pamoja. Tulifundisha hivi: ukikuta mabano ndani ya mabano, fungua kwanza ya ndani kabisa, kisha utoke nje. Ukikuta alama ya kutoa mbele ya mabano, nenda polepole, maana kila kilichomo kitageuka: cha kujumlisha kitakuwa cha kutoa, na cha kutoa kitakuwa cha kujumlisha. Wengi waligeuza cha kwanza wakasahau vilivyobaki. Mimi mwenyewe nilirudia kila jibu nyumbani, nikiogopa kwamba nimewafundisha uongo.

Katika darasa la watu wazima alikuwamo Tupokigwe, mke wa seremala wa misheni. Alitaka kibali cha kufundisha darasa la wasichana, lililokuwa na wachache tu kwa sababu wazazi wengi walikataa kuwapeleka mabinti zao kwa mwalimu mwanaume. Siku moja nilikuwa nikihangaika na alama ya kutoa, nikieleza na kufuta, akapaza sauti kutoka nyuma:

"Mwalimu, mbona unajitesa? Alama hiyo ni baba mkwe. Akisimama mlangoni, wote waliomo ndani wanageuka!"

Darasa zima lilicheka, kwa sababu kila mtu alielewa. Kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba wa mumewe. Akimsikia anakuja, huacha njia, hujifunika na kugeukia pembeni. Ubatizo haukuwa umeiondoa heshima hiyo.

Mtihani wa kibali ulifanyika ubaoni, mbele ya Bwana Mkaguzi kutoka bomani. Mkuu wa shule aliwaalika wazee wa kanisa, na mmoja wao alikuwa baba mkwe wa Tupokigwe. Nilimkumbusha Mkuu desturi ile.

"Hao ni Wakristo sasa," alinijibu. "Mambo ya zamani yamekwisha. Unafikiri sana."

Tupokigwe alipewa 9a − [4a − (2a − 3)]. Alifungua mabano ya ndani bila wasiwasi: 9a − [4a − 2a + 3]. Akaanza ya nje: 9a − 4a + 2a. Ilibaki tatu na alama yake.

Hapo tukasikia mtu akikohoa nje. Mzee alikuwa amechelewa, naye alikohoa kama wakwe wote wanavyokohoa, ili kama mke wa mwanawe yumo apate kujificha. Chaki ilianguka. Tupokigwe alipiga magoti akielekea ukutani, akajifunika kitambaa hadi kichwani.

"Ingia, Mzee, uone mkweo anavyojua!" Mkuu wa shule alikuwa amemshika mkono kwa furaha. Mzee alijivuta nyuma huku macho yake yakiwa kwenye nyasi za paa.

"Anaumwa?" aliuliza Bwana Mkaguzi.

"Haumwi, Bwana," nilijibu. "Baba mkwe wake yuko mlangoni."

"Basi aandike. Nani anamzuia?"

Chini ya kitambaa niliona kidole chake kikitembea kwenye sakafu ya udongo. Alichora mstari mfupi uliolala, kisha tatu.

"Amejibu, Bwana," nilisema. "Ipo hapa chini. Kutoa tatu. Ukikusanya yote ni 7a − 3. Amepata."

Bwana Mkaguzi hakuinama kutazama. "Mtihani ni ubaoni," alisema, akamwita anayefuata.

Jioni mzee alikuja kwangu. Hakutaka kuketi.

"Mwalimu, mimi nilitaka nikae tu nyuma ya ukuta nimsikie akisifiwa. Huyu Mkuu wako akanishika mkono kama mwizi. Mtihani mwingine ukija, uniambie siku. Nitakwenda Talatala nikakae huko hadi uishe."

"Nitakuambia, Tata," nilijibu, nikimwita baba kwa lugha yetu.

"Ndaga," alishukuru, akaondoka.

Mtihani mwingine haukuja. Vita viliingia, Bwana Mkaguzi akavaa nguo za jeshi, na shule ikawa ghala la chakula cha askari. Mume wa Tupokigwe alichukuliwa upagazi, asirudi. Vita vilipopita nilimkuta mkewe shambani, akipalilia mpunga, wanawe wadogo wakiwa kando yake. Nilimweleza kwamba shule itafunguliwa na kwamba ningemwombea kwa wakubwa wapya.

"Hesabu ninaijua bado, Mwalimu," alisema bila kuacha jembe. "Lakini watoto hawa nitamwachia nani? Wewe nenda, wasichana wanakusubiri."

Sasa nimestaafu, na vijana wanaosomea ualimu huja kuniuliza namna ya kufundisha mabano. Nawaeleza kadiri ninavyoweza. Wanapoondoka hubaki nikifikiria ningesema nini siku ile ili yule Bwana ainame, na sijapata neno. Darasa la wasichana lilifunguliwa tena. Waliokuja walikuwa wachache, kwa sababu ile ile ya zamani, na kwa miaka yangu yote iliyobaki kazini mwalimu wao alikuwa mwanaume, yaani mimi.