Ndege wa Miguu Myekundu na Mtani Wangu Issa

Kosa ni langu, tusizungushane. Nilimwita mtu mwongo nikijua kabisa kasema kweli, na nimekaa nalo mpaka meno yameniisha.

Ilikuwa miaka ile Wazungu walipolima karanga Nachingwea. Bwana mmoja wao, kila Jumapili alikuja kwetu, mtoni Mbwemkuru, na darubini kutafuta ndege wa majini, adimu. Akatuonyesha picha: shingo ndefu, mdomo mwekundu, miguu myekundu. Anaogelea chini ya matawi akisukuma kichwa mbele kama kuku anayetembea. Atakayemfikisha bwana alipo huyo ndege, atapewa baiskeli.

Nikasema namjua. Simjui hata kidogo! Nilitaka baiskeli niende nayo kuposa Mandawa. (Yule binti alikuja kuolewa na fundi cherehani, tuyaache.) Jumapili tatu nikamwonyesha mnandi, nikamwonyesha bata, hata kuku wa jirani aliyeshuka kunywa maji.

Ndipo akaja Issa. Issa ni mtani wangu, ukoo wao na wetu watani tangu mababu. Kwetu mtani anakukejeli kwenye msiba wa mama yako, na kukasirika huruhusiwi. Huyu alishawahi kutangaza sokoni Ruangwa kwamba nimekufa, shangazi yangu akaja mbio analia. Sasa anamwambia bwana, "Ndege wako yuko pale mkuyu ulipoinamia maji. Miguu kama kapaka hina."

Nikamwambia bwana asisumbuke, huyo mtani wangu, hana neno la kweli. Bwana akafunga darubini yake.

Hapo nilikosea tu. Ubaya wenyewe unakuja.

Siku ya pili nikaenda kuoga pale mkuyuni. Yule ndege akatoka chini ya tawi, taratibu, akapanda gogo. Miguu ile! Tukatazamana.

Bwana alikuwa bado na siku sita kabla hajahamishwa. Kusema ni kumpa Issa baiskeli. Nikanyamaza. Issa akaniuliza kama nimepita mkuyuni, nikamjibu nimeona vyura. Baiskeli ikapanda lori na mwenyewe.

Tangu hapo, kila msiba wa kwetu Issa alikuja kapaka miguu udongo mwekundu, anaogelea uani katikati ya waombolezaji, kichwa mbele, kichwa mbele. Watu hoi. Nami nacheka, namwita mwongo, huku moyo unanisuta.

Kisha Issa akafa. Zamu ikawa yangu. Nikapaka miguu, nikaogelea mpaka kwenye jeneza, nikasema, "Issa, nilimwona. Baiskeli ilikuwa yako."

Watu wakashika mbavu. Mjane wake akafuta machozi, akaniambia, "Mtani, wewe mwongo kumpita yeye."

Nimeapa, hakuna anayeniamini. Ndiyo maana nimekuja kwenu nisiowajua.

Nyie wenye watani, la kweli mwambieni angali anasikia. Na siku hiyo, tafadhali, naweni miguu kwanza.