Mabuti ya Askari wa Pilato

Mwezi uliopita niliingia katika kanisa dogo karibu na Rughenda, mjini kwetu Butembo, nikasimama mbele ya picha ya Yesu akianguka chini ya msalaba. Rangi ya viatu vya askari imebanduka.

Baba yangu ndiye aliyeichora ukutani wakati wa vita, nami nikimshikia kopo la rangi. Kanisa lilinuka mafuta ya taa na chokaa mbichi. Baba hakuwahi kumwona askari wa Kirumi, hivyo aliwavalisha wake mabuti ya mpira, kama ya waasi walioushika mji wetu.

Alasiri moja kamanda wao aliingia, akautazama ukuta kwa muda mrefu.

"Bale njo banani?" aliuliza, akiwanyooshea kidole askari wa pichani.

"Ni Baroma, commandant," baba alijibu.

"Baroma balivalaka mabote ya mupira?"

Baba alichovya brashi katika kopo nililoshika, akaichovya tena. Nilidhani hajui jibu. Kwangu jibu lilikuwa wazi, kwa kuwa kilima cha Yesu nilikiona kama vilima vyetu vya Butembo.

"Mvula ilikuwa inanyesha," nilisema. "Kulikuwa matope."

Kamanda alicheka. "Papa, mutoto yako anajua Biblia kupita padiri. Lakini kesho nisibaone na ile mabote."

Jioni ile ile baba alichora sandali juu ya mabuti.

Sasa sandali zimebanduka, na mabuti meusi yametokea tena. Padiri ameniomba nitafute mchoraji wa kuyafunika. Nimemwambia ayaache, mvua bado inanyesha.